Urejeshaji wa rangi ya chuma kwenye bunduki za mitutu miwili

Urejeshaji wa rangi ya chuma kwenye bunduki za mitutu miwili ni kazi ya kurudishia bunduki ya kale ya marisau (shotigani) mwonekano iliokuwa nao ilipotoka kwa mtengenezaji wake. Neno "rangi" hapa halimaanishi rangi ya kupaka kwa brashi. Ni tabaka jembamba sana la oksidi lililooteshwa juu ya chuma chenyewe, na kazi yake ni kukilinda chuma dhidi ya kutu na kuzuia kisimeremete juani mbele ya mnyama anayewindwa. Tabaka hilo likishasuguliwa kwa msasa halirudi. Kinachoweza kufanyika ni kuotesha jingine linalofanana nalo.

Historia katika Afrika Mashariki

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la bunduki zilizopelekwa bara. Nyingi zilikuwa gumegume na magobore ya fataki yenye mtutu mmoja. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukiacha nafasi kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu na kwa watu binafsi waliopewa kibali. Kwa hiyo bunduki ya mitutu miwili ilikuwa silaha ya afisa, mlowezi, mfanyabiashara au mwindaji mwenye karatasi mkononi, wakati wa Wajerumani na baadaye wakati wa Waingereza.

Miji mitatu ya Ulaya ilijulikana hasa kwa bunduki hizo: Birmingham nchini Uingereza, Liège nchini Ubelgiji na Suhl nchini Ujerumani. Kila mmoja ulikuwa na desturi zake za kumalizia chuma, na fundi anayetaka kurudisha rangi ya asili huanza kwa kujua bunduki imetoka wapi na imetengenezwa miaka gani.

Aina za rangi

Mitutu ya chuma cha pua kwa kawaida ilipewa rangi ya bluu inayokaribia weusi. Mitutu ya zamani zaidi ya "Dameski", iliyotengenezwa kwa kusokota pamoja nyuzi za chuma laini na chuma cha pua, ilipewa rangi ya kahawia au nyeusi inayoonyesha michirizi ya msokoto huo. Skrubu na sehemu nyingine ndogo zilipashwa moto hadi karibu nyuzi 300 za selsiasi, ambapo chuma kilichong'arishwa hugeuka buluu chenyewe.

Mwili wa mtambo, yaani sehemu inayoshika mitutu na vifyatulio, ni jambo jingine kabisa. Ulifukiwa ndani ya mkaa wa mifupa na ngozi, ukapashwa moto mkali, kisha ukatumbukizwa ghafla ndani ya maji. Kaboni iliyoingia kwenye chuma huufanya uso wake kuwa mgumu, na maji huacha mawingu ya bluu, kahawia na kijivu ambayo hayafanani kwenye bunduki mbili. Rangi hizo ni nyepesi na huchakaa kwa jasho la mkono na mwanga. Kuzirudisha kwa kurudia moto ni hatari, kwa sababu mwili unaweza kupinda na sehemu zikaacha kukaa sawasawa. Wapo wanaoiga mawingu hayo kwa kichomeo cha gesi. Kwa mbali hupendeza, lakini moto huo hulainisha chuma kilichokusudiwa kuwa kigumu.

Kwa nini mitutu miwili ni tofauti

Bunduki za kisasa hutiwa weusi kwa kuchemshwa ndani ya chumvi kali za hidroksidi ya natiri na nitrati, kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Njia hiyo ni ya haraka. Lakini mitutu miwili ya bunduki ya kale imeunganishwa kwa lehemu ya metali ya risasi na bati, pamoja na ubavu wa juu na wa chini unaoiziba. Joto hilo halitoshi kuyeyusha lehemu. Kinachoiharibu ni hidroksidi, ambayo huila kikemia. Tena, chumvi hubaki imefichika chini ya ubavu na kuendelea kula chuma baada ya bunduki kurudi kwa mwenyewe, mpaka siku mitutu inapoachana.

Kwa sababu hiyo mitutu ya aina hii hutiwa "bluu ya kutu", njia ya polepole ambayo ndiyo iliyotumika hata kiwandani.

Bluu ya kutu

Mitutu huvuliwa kutoka kwenye mti, huondolewa mafuta yote, na midomo yake huzibwa kwa vizibo. Dawa yenye asidi kidogo, aghalabu ya nitriki na hidrokloriki iliyoyeyusha chuma, hupakwa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mitutu huachwa mahali penye unyevu kwa saa kadhaa hadi iote vumbi jekundu la kutu. Kisha huchemshwa kwenye maji safi kwa dakika kumi na tano au ishirini. Hapo kutu nyekundu hugeuka magnetiti, oksidi nyeusi inayoshikamana na chuma. Unga usioshika husuguliwa kwa sufi laini ya chuma isiyo na mafuta, na kazi yote hurudiwa, mara tano, nane, hata kumi. Mwishoni asidi iliyobaki huuliwa kwa magadi soda na mitutu hupakwa mafuta mepesi kama yale ya cherehani.

Kwa ufupi, kutu hutumika kuzuia kutu. Tofauti ni nani anayeiongoza.

Hali ya Dar es Salaam

Katika nchi kavu fundi hulazimika kujenga kabati la mvuke. Kwenye vitongoji vya Kinondoni na Temeke unyevu wa hewa wenyewe unatosha, hasa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Neema hiyo ina gharama yake: kutu huota haraka, na ikiachwa usiku kucha huchimba vishimo badala ya kuacha vumbi laini. Karibu na bahari, kama Kunduchi na Msasani, hewa ina chumvi, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa kazi hii.

Maji nayo ni tatizo. Visima vingi vya jiji vina chumvi, na maji ya aina hiyo huacha madoa yasiyofutika. Hutumika maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari (si asidi ya betri), au maji safi ya mvua.

Namba, mihuri na sheria

Kosa kubwa zaidi hufanyika kabla ya dawa kufunguliwa, nalo ni kung'arisha kupita kiasi. Msasa hufuta nakshi, jina la mtengenezaji, mihuri ya majaribio ya nguvu ya mitutu, kama herufi ELG za Liège, na namba ya silaha. Bila mihuri haijulikani mitutu ilipimwa kwa baruti ipi. Bila namba, silaha haiwezi kulinganishwa na leseni yake.

Nchini Tanzania umiliki wa bunduki, hata ya urithi, husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwaka 2016 wamiliki nchini kote walitakiwa kupeleka silaha zao polisi kuhakikiwa. Kufuta au kubadili namba ni kosa la jinai, na matengenezo hufanywa na fundi mwenye leseni. Anayerithi bunduki ya marehemu hupaswa kwanza kuitolea taarifa polisi.

Kuacha kama ilivyo

Kwenye makumbusho kanuni ya kawaida ni kusimamisha kutu hai na kuacha uchakavu uonekane, kwa kuwa mahali rangi ilipofutika panaonyesha mkono ulishika wapi. Mafuta, kitambaa laini na nta isiyo na asidi hutosha. Mitutu ya Dameski hasa huachwa, maana rangi mpya juu ya chuma kilicholiwa ndani humfanya mtu adhani bado inafaa kupigia risasi za kisasa.