Redio Kuukuu na Sauti Inayofifia

Leo tutasoma habari za redio kuukuu: kwa nini sauti yake hufifia, na kwa nini si kila mara betri ndizo zenye kosa. Somo hili ni la fedha pia, maana watu wengi wametupa betri zilizokuwa bado na nguvu.

Tuanze zamani kidogo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwanzoni ilisikika mjini tu. Redio za miaka ile zilikuwa na taa za kioo ndani, ziitwazo valvu. Mawimbi ya redio yakifika kwako ni dhaifu mno, hayawezi kutikisa spika. Valvu ndizo zilizoyakuza. Ndani ya valvu mna kijiti au uzi wa madini uliopakwa dawa, nao ukipata moto hutoa umeme. Dawa ile hupungua kadiri redio inavyotumika, na sauti hupungua pamoja nayo.

Desemba 1947, huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walitengeneza transista ya kwanza katika maabara ya Bell. Transista hukuza sauti kama valvu, lakini haihitaji kupashwa moto, kwa hiyo betri ndogo zinatosha. Basi redio ikaingia vijijini, na hapa Usukuma wakulima wakaweza kuinunua kwa fedha za pamba. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao 2,000,000 katika Tanzania walijifunza kwa vikundi vya kusikiliza redio. Wakati huo Simiyu haikuwa mkoa bado. Ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012.

Watu walidhani transista haizeeki. Kweli yenyewe hudumu miaka mingi, lakini haiko peke yake ndani ya redio. Ukifungua kifuniko utaona vikopo vidogo vya aluminiamu. Mafundi huviita kapasita. Ndani ya kila kikopo mna karatasi mbili nyembamba za aluminiamu, zimeviringishwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyoloweshwa dawa ya majimaji.

Kazi yake ni nini? Fikiri kisima kilicho mbali na mtungi ulio mlangoni. Wageni wakija ghafla, huendi kisimani mbio, unachota mtungini. Betri ndiyo kisima, kapasita ndiyo mtungi. Ngoma inapopigwa redioni, spika hutaka umeme mwingi kwa ghafla, na kapasita huutoa. Betri ikianza kuchoka, kisima hutoa maji polepole, lakini mtungi mzima bado hukusaidia siku nyingi.

Sasa miaka imepita, na majimaji yale yamekauka. Mtungi ni kama umepasuka. Betri zikipungua nguvu kidogo tu, sauti hukwaruza, au redio hulia putu-putu kama injini ya mashua. Mwenye redio husema, "Betri zimekwisha," naye huzitupa na kununua nyingine. Kapasita nyingine hupitisha sauti kwenda kwenye spika. Hiyo ikikauka, sauti nzito hupotea, na mwanamume husikika kama anaongea ndani ya debe.

Joto huharakisha kukauka huko. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likizidi kwa digrii 10, maisha ya kapasita hupungua nusu. Kwa hiyo usiweke redio juani. Hata redio iliyofungiwa sandukuni miaka mingi huzeeka, jambo ambalo wenye redio za urithi hawapendi kulisikia.

Kuna ugonjwa mwingine wa ajabu. Redio nyingi za miaka ya 1960 zilitumia transista za Philips zenye majina AF114 mpaka AF117. Ndani ya kikopo chake huota nywele nyembamba za bati, zenyewe tu, mpaka zigusane na waya wa ndani. Redio hunyamaza. Mafundi hukata waya wake wa nne, ule ulioshikana na kikopo, na mara nyingi redio hufufuka.

Kabla hujatupa betri, zitie katika tochi. Tochi ikiwaka vizuri, peleka redio kwa fundi, umwambie aangalie kapasita. Mpya lazima iwekwe upande wake, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ikigeuzwa huharibika, hata kupasuka.

Lakini redio ya valvu inayotumia umeme wa nyumbani usiifungue mwenyewe. Kapasita zake zaweza kushika umeme wa kuua mtu, hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Andika katika daftari lako: valvu, transista, kapasita, betri. Kisha eleza kwa sentensi mbili kazi ya mtungi katika mfano wetu.