Hofu ya Kuumbuka: Shaka ya Msomi Mswahili katika Vyuo vya Oman

Mhadhiri aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili mjini Ibra, Sur au Nizwa hupimwa kwa mizani mbili. Kwenye majlisi hupimwa kwa ufasaha wa Kiarabu chake. Darasani, hasa akiwa mtu wa sayansi, na katika majarida ya kimataifa, hupimwa kwa Kiingereza. Kiswahili, lugha aliyoanza kuulizia maswali akiwa mtoto, kwa kawaida hakimwongezei kitu anapoomba kupandishwa cheo. Mtu huyu akishapata shahada ya uzamivu na jina lake likabandikwa mlangoni, bado hulala na hofu kwamba iko siku ataumbuka.

Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza hofu hiyo mwaka 1978, kutokana na kazi yao na wanawake zaidi ya 150 wa Marekani waliofanikiwa katika masomo na taaluma. Vyeti na sifa havikuwatoa wanawake hao katika imani kwamba wamefika kwa bahati, au kwa kuwahadaa waliowapima. Baadaye watu wakaifanya kuwa maradhi, ingawa Clance na Imes waliiita hali tu. Na ikishakuwa maradhi, dawa humwangukia mgonjwa: jiamini, andika orodha ya mafanikio yako. Mwaka 2021 Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey walipinga mwelekeo huo, wakataka mahali pa kazi ndipo pachunguzwe. Nakubaliana nao, lakini kwa Oman hoja yao haitoshi. Lazima tuulize pia ni nani anayeshuhudia elimu ya mtu, na anaishuhudia vipi.

Shaka ya Waswahili wa Oman ina historia yake. Mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka, nchi nzima ilikuwa na skuli tatu za kisasa na wanafunzi takriban 900, wote wavulana. Waomani waliokuwa nje wakaitwa warudi. Miongoni mwao walikuwamo wengi wenye asili ya mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Walikuwa na elimu na Kiingereza, na wizara na kampuni ya mafuta ziliwahitaji. Kiarabu cha wengi wao kilikuwa cha kuokoteza. Wakapewa kazi, na papo hapo wakapewa jina: Wazinjibari, yaani watu wa Zanzibar. Anayehitajika kwa ujuzi wake huku akitiliwa shaka kwa ulimi wake huwarithisha wanawe vyote viwili, cheti na wasiwasi. Mjukuu wake leo anaweza kuwa na Kiarabu safi kuliko jirani yake, na bado akakesha akiurudia mhadhara asije akateleza kwenye irabu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Kiarabu safi ni kinga. Mwandishi Jokha Alharthi alikwenda Edinburgh kusomea uzamivu katika mashairi ya kale ya Kiarabu, na tasnifu ilimpasa aiandike kwa Kiingereza. Ameeleza mwenyewe jinsi ugumu huo ulivyomrudisha kwenye riwaya ya Kiarabu, *Sayyidat al-Qamar*, iliyotoka 2010. Tafsiri yake ya Kiingereza ikashinda tuzo ya Man Booker International mwaka 2019. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa moyo. Mimi nakisoma vingine: mjuzi wa Kiarabu, akiandika juu ya mashairi ya Kiarabu, aliwekwa katika nafasi ya mwanagenzi.

Elimu ya zamani ya pwani yetu na ya Oman iliipa shaka mahali pa kutua. Mtu hakuwa msomi kwa jumla. Alisoma kitabu fulani kwa sheikh fulani, akakihitimu, akapewa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha. Tazama kazi ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyefariki Oman mwaka 1982, juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: kinachomshughulisha sana ni nani alisoma nini kwa nani. Huko Sharqiyah, Nur al-Din al-Salimi, kipofu tangu utotoni, alikwenda al-Qabil kwa Sheikh Saleh bin Ali al-Harthi. Mwaka 1913, mwaka mmoja kabla ya al-Salimi kufariki, mwanafunzi wake Salim bin Rashid al-Kharusi akachaguliwa imamu. Moyoni mwa al-Salimi yalikuwamo yake, lakini elimu yake ilikuwa na mashahidi, na mashahidi hao walijua alichosoma.

Uzamivu hufanya kinyume: humpa mtu jina pana kwa kazi nyembamba. Aliyeandika tasnifu juu ya mgao wa maji wa falaj (mfereji wa maji) moja ya Dakhiliyah anaitwa Daktari mbele ya kila swali la maji. Hofu yake hukaa hapo, baina ya jina na ujuzi, na wala si ya uongo. Mengi kweli hayajui.

Mpinzani atasema ijaza nazo zilitolewa kwa heshima, hata kwa watoto wadogo, na kwamba duru za masheikh ziliwaacha nje wengi, hasa wanawake. Ni kweli, na sitaki duru hizo zirudi. Ninachotaka ni shahidi aliyekaa nawe, na idhini yenye mipaka.

Chuo Kikuu cha Nizwa kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2004, na Chuo Kikuu cha Sharqiyah mjini Ibra ni kichanga zaidi. Mila zao bado zinaweza kupangwa. Mhadhiri mpya akabidhiwe kwa mkongwe anayeingia darasani kwake mwaka mzima, kisha aseme mbele ya idara: hili analimudu, lile bado. Kauli ya "sijui" kwenye semina isimpunguzie mtu hadhi.

Kisha kuna Kiswahili. Barua za familia zilizoishi baina ya Oman na Zanzibar, nyingine zikiwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zinamhitaji msomaji anayemudu Kiswahili na Kiarabu, na wasomaji hao ni wachache. Idara inayochunguza uhusiano wa Oman na Afrika Mashariki bila kuhesabu Kiswahili kuwa sifa ya mtafiti inafanya nusu ya kazi. Kamati za kupandisha vyeo zianze kwa kukihesabu Kiswahili kuwa sifa. Ni shughuli ya kikao kimoja.