Mtungi Usiojazwa Kisimani

Kabla halijavishwa chuma, neno mtungi lilikuwa jina la chombo cha udongo cha kutekea maji. Mwenye nacho alikijaza mwenyewe hadi shingoni, na yakizidi, maji yalimwagika, basi. Gesi ya kupikia ilipofika mijini ililichukua neno hilo, nasi tukalipokea pamoja na mazoea yake yote. Hatari ya kujaza mitungi midogo kienyeji, kwa maoni yangu, imeanzia hapo: tumebadili chombo, mkono unaojaza ukabaki ule ule wa kisimani.

Mkono huo una historia yenye heshima. Biashara ya rejareja huku uwanda wa kati imeishi kwa kupima: nafaka kwa kibaba na pishi, mafuta ya kula kwa kikombe, mafuta ya taa kwa chupa ya soda. Mwenye kipato cha siku alinunua mahitaji ya siku. Kisha wajanja wakaanza kuchanganya mafuta ya taa na dizeli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaleta vinasaba vya kutambulisha mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. Dawa ilikuwa na mantiki, ila jiko la mchina, la mafuta ya taa, likapoteza unafuu wake, na mpishi wa kipato kidogo akabakiwa na mkaa, ambao nao huuzwa kwa kopo. Ndipo ukaja wakati wa mtungi wa kilo 6. Katika kata kama Kizota ya Dodoma, yenye viwanda, maghala ya akiba ya chakula ya taifa na vyumba vya kupanga, mtungi huo unafaa kuliko mkubwa: unabebeka kwa bodaboda na unakaa pembeni ya kitanda. Serikali ilihamia Dodoma kuanzia 2016, mji ukavimba; mwaka 2024 ukazinduliwa mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kitu kimoja tu hakikubadilika: gesi haiuzwi kwa kikombe. Anayekosa hela ya kujaziwa mtungi mzima hushawishika kumwendea mtu atakayemgawia kidogo kutoka mtungi mkubwa kwa mpira.

Maji husamehe kosa la kipimo, gesi haisamehi. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika, nacho kimiminika hicho hutanuka kwa joto kupita maji kwa mbali. Kwa hiyo kiwandani mtungi haujazwi pomoni; huachwa takriban sehemu moja ya tano ikiwa wazi. Anayejaza kwa kukisia, bila mizani, hawezi kujua ameila nafasi hiyo au la. Mtungi uliojazwa kupita kiasi katika baridi ya alfajiri ya Julai unaweza kukaa kimya mpaka jua la mchana liupate. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa: inayovuja wakati wa kuhamishwa hutambaa sakafuni ikitafuta jiko la jirani.

Wapo wanaosema mtungi ni chuma, na kama umestahimili kujazwa kiwandani utastahimili popote. Hoja hii inasahau kwamba kiwandani haujazwi tu. Hukaguliwa kutu, valvu na mpira wake, na kampuni yenye jina ubavuni ndiyo itakayoulizwa ukilipuka. Mjazaji wa uani huazima jina hilo bila kubeba lawama yake. Kwa vikopo vyembamba vya gesi vya kutumia mara moja hoja hiyo haina hata pa kuanzia: Marekani sheria inakataza kuvisafirisha kibiashara vikishajazwa tena. Na anayedhani haya ni maneno ya makaratasi akumbuke Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024. Maombi ya kujenga kituo cha gesi pale yalikuwa yamekataliwa na mamlaka ya nishati ya Kenya mwaka uliotangulia, mojawapo ya sababu ikiwa wingi wa makazi. Mlipuko wa gesi uliotokea pale usiku huo uliua watu na kujeruhi mamia.

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini, nami siipuuzi: moshi wa kuni na mkaa nao unaua, polepole na bila kutangazwa. Lakini tatizo la kununua kidogo kidogo limeshapata jibu lisilohitaji mpira. Dar es Salaam, kampuni ya KopaGas ilifunga mita kwenye mitungi, mteja akalipia kwa simu kadiri anavyopika. Teknolojia yake ilinunuliwa na Circle Gas mwaka 2020. Kipimo kimehama kutoka mdomo wa kujazia kwenda mdomo wa kutolea, na mtungi hufika nyumbani umefungwa. Ni kupima kule kule kwa zamani, safari hii upande ulio salama.

Kama mita hizo bado hazijafika mtaani kwako, kumbuka kwamba uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chake, na muuzaji anatakiwa kuwa na mizani dukani. Mwambie apime mbele yako.