Utafiti: Vifo vingi vya upasuaji Afrika hutokea baada ya mgonjwa kurejeshwa wodini

Kwa familia nyingi, hofu ya upasuaji huishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Ndugu husubiri nje, na mgonjwa wao akitolewa salama huamini kuwa hatari imepita. Utafiti mkubwa uliofanyika barani Afrika umeonesha kuwa faraja hiyo huja mapema mno.

Utafiti huo, ulioongozwa na Profesa Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la The Lancet, uliwahusisha wagonjwa 11,422 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25. Asilimia 2.1 walifariki dunia, kiwango ambacho ni takriban mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi wao walikuwa vijana wasio na maradhi makubwa. Kati ya vifo 239 vilivyoorodheshwa, 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita.

Tatizo lililojitokeza zaidi lilikuwa maambukizi, ambayo hayaanzi ghafla. Pumzi huongezeka kasi, mapigo ya moyo hupanda, mkojo hupungua. Dalili hizo huonekana saa kadhaa kabla hali haijawa mbaya, mradi yupo wa kuziona. Hapo ndipo penye ugumu. Katika nchi zilizoshiriki, madaktari bingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja walikuwa wastani wa 0.7 tu kwa kila watu 100,000.

Watafiti walijaribu tiba ya pengo hilo katika hospitali 332 za nchi 28. Wagonjwa walio katika hatari zaidi walipangiwa vitanda vinavyoonekana kutoka meza ya wauguzi, wakapimwa mara nyingi zaidi, na ndugu wakaruhusiwa kukaa nao. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2021, hayakuonesha kupungua kwa vifo. Ni jibu lisilopendeza, lakini lina manufaa: kitanda kuhamishiwa karibu na muuguzi hakuongezi idadi ya wauguzi, wala damu ya kuongezewa mgonjwa.

Hatua iliyoleta nafuu mapema ilihusu chumba cha upasuaji chenyewe, na Tanzania ilikuwa sehemu yake. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha hakiki ya mambo 19 katika miji minane, Ifakara ukiwa mmojawapo pamoja na London, Toronto na Manila. Timu husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla ya mgonjwa kutolewa. Huhakikisha jina la mgonjwa, sehemu ya kupasuliwa, mzio alionao, na kwamba kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinafanya kazi. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka asilimia 11 hadi 7.

Eneo jingine lililobadilika ni kufunga kabla ya upasuaji. Agizo la zamani la kutokula wala kunywa tangu usiku wa manane lililenga kuzuia chakula kisipande na kuingia mapafuni mgonjwa akiwa usingizini. Miongozo ya sasa kwa upasuaji uliopangwa huruhusu mtu mzima asiye na tatizo la tumbo kula mlo mwepesi hadi saa 6 kabla, na kunywa maji au chai ya rangi hadi saa 2 kabla. Wajawazito, wenye kisukari na wagonjwa wa dharura hupewa maelekezo yao, na agizo la mtaalamu wa usingizi wa hospitali husika ndilo la kufuatwa.

Mtaalamu huyo ndiye pia wa kuelezwa, bila kuficha, kuhusu dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo za asili, pamoja na sigara na pombe, kwa kuwa baadhi ya vitu hivyo hubadilisha namna mwili unavyopokea dawa ya usingizi au unavyogandisha damu.