Ule Mshale Kwa Tairi Si Urembo: Soma Meno ya Tairi Yako Kabla Mvua Ikupate Ramisi

Wasee, hii ilitokea mwezi wa tano, mvua ikiwa noma. Tulikuwa ndani ya Probox ya binamu yangu, tumetoka Ukunda tunaenda Ramisi. Tukipita Msambweni maji yakaanza kusimama kwa lami, na usukani ukawa mwepesi ghafla, kama gari imesahau kuna barabara. Lori la miwa lilikuwa linakuja upande ule mwingine. Binamu akaachilia mafuta polepole, gari ikashika tena. Hakuna aliyeongea hadi Ramisi.

Kitu ilitushangaza ni kuwa tairi zilikuwa mpya, hazijamaliza hata mwezi. Fundi mmoja mzee wa pale stejini aliinama, akaangalia, akacheka kidogo: "Wanangu, hizi mbili za kulia zaenda kinyume."

Basi leo tusome tairi. Hii ni ile elimu chuo hawakupatii.

Meno ni ya nini?

Kwa lami kavu, tairi kipara inaweza kushika fiti tu. Shida ni maji. Ile mifereji katikati ya meno kazi yake ni kuyatoa maji chini ya tairi. Yakikosa njia, tairi inapanda juu yake na kuelea. Hapo breki na usukani ni mapambo tu.

Aina tatu za meno

*1. Za pande zote sawa.* Kushoto na kulia zinafanana, hazina mshale. Hizi ndizo rahisi, unafunga popote.

*2. Za mshale.* Meno yake yamechorwa kama herufi V, na ubavuni kuna mshale na neno ROTATION. Mshale lazima ufuate vile gurudumu linazunguka gari ikienda mbele. Simama mbele ya gari uangalie tairi: unafaa kuona V imesimama vile unaiandika, ncha chini. Ikipinduliwa, mifereji inavuta maji katikati badala ya kuyatupa nje. Kwa jua huwezi jua, labda usikie kelele kidogo. Mvua ndio itakuambia.

*3. Za ndani na nje.* Upande mmoja meno ni manene ya kushika kona, mwingine una mifereji mingi ya maji. Ubavuni zimeandikwa OUTSIDE na INSIDE. OUTSIDE ikae nje, uione ukisimama kando ya gari. Hizi zinaenda kushoto ama kulia bila stress.

Kosa la binamu lilitoka wapi?

Simama kushoto mwa gari inayoenda mbele: gurudumu linazunguka kinyume cha saa. Nenda kulia: linazunguka kama saa. Sasa fundi akivalisha rimu zote nne mshale ukiangalia upande mmoja, lazima mbili zitakuwa sawa na mbili kinyume. Na huwezi kubadilishana kushoto na kulia, juu utaharibu zile mbili zilikuwa poa. Dawa ni kutoa hizo mbili kwa rimu na kuzigeuza. Ndivyo tulifanya, na tukalipa kazi mara mbili.

Zile namba sasa

Chukua 195/65 R15 91H. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, asilimia 65 ya huo upana. 15 ni saizi ya rimu kwa inchi. 91 ni mzigo, kilo 615 kwa tairi moja. H ni spidi ya juu, kilomita 210 kwa saa, lakini hiyo usijaribu.

Tafuta pia herufi DOT. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno yote na mpira umezeeka, umepasuka nyufa ndogo ubavuni. Hiyo wachana nayo hata kama bei ni ya kutupa.

Na kama ndai yako imetoka Japan juzi, angalia neno STUDLESS. Hizo ni za theluji. Mpira wake ni laini, na kwa lami ya moto ya Pwani zinaisha kama sabuni.

Zimeisha ama bado?

Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya urefu wa milimita 1.6. Meno yakilingana na vituta, hiyo tairi imeenda. Kwa mvua ya masika usingoje hadi hapo. Zikiisha katikati, presha imekuwa juu. Zikiisha kingo zote mbili, presha iko chini. Zikiisha upande mmoja, peleka gari alainmenti.

Kabla umlipe fundi

- Zunguka gari, hakikisha mishale yote inaelekea mbele.
- Umenunua mbili tu? Zile mpya ziende nyuma, hata kama gari inavutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza, gari inazunguka na huna la kufanya.
- Nati zikazwe kwa kuruka, ya huku kisha inayoitazama, si kwa kuzunguka. Ukienda kama kilomita 50, kaza tena.
- Presha ipimwe tairi zikiwa baridi. Namba iko kwa kibandiko mlangoni kwa dereva.
- Za mshale, ukizibadilisha, mbele iende nyuma upande huo huo.

Ukipata pancha usiku na spea yako ina mshale wa kinyume, ifunge tu, nenda pole hadi kwa fundi.

Binamu siku hizi halipi kabla ya kuzunguka gari mara mbili. Mafundi wanamwona msumbufu. Yeye anasema afadhali hivyo, juu lile lori la miwa bado analiota.