Muuza dawa si bwana shamba

Mabogini tunaijua kwa mpunga, hasa tangu mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini ulipokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani. Leo mkulima wa tambarare hii anayejenga kitalu nyumba cha nyanya huambiwa kuwa nailoni itamkinga na wadudu. Historia ya mlima wetu inaonya vinginevyo.

Mwaka 1964 chulebuni iliingia katika kahawa. Wakulima walipulizia dawa ya shaba, waliyoipata kwa mkopo kupitia ushirika na kukatwa kwenye malipo ya kahawa. Bwana shamba alionyesha kipimo. Hata hivyo, dawa ilinunua muda tu. Ahueni kubwa ilianza mwaka 2005, TaCRI ya Lyamungu ilipotoa kahawa chotara zinazohimili ugonjwa huo.

Wakati huo mambo yalikwisha kubadilika. Biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa watu binafsi msimu wa 1994/95, mkopo wa ushirika ukafifia, na duka la pembejeo likashika nafasi. Nikipita kwenye maduka hayo Moshi mjini, nasikia swali moja: "Dawa kali ni ipi?" Muuzaji amekuwa daktari.

Ndipo mwaka 2014 alipogunduliwa nchini nondo kutoka Amerika ya Kusini, Tuta absoluta. Wakulima walimwita Kantangaze, maana hasara yake haifichiki. Kiwavi wake hula akiwa ndani ya jani na tunda, hivyo dawa haimfikii kirahisi. Anayerudia dawa ile ile kila juma anafuga wadudu sugu, na nyanya hizo kesho zipo soko la Mbuyuni, kisha mezani kwako.

Nailoni ya paa haimzuii nondo huyu. Hupita mlangoni, au huletwa na miche na makreti ya shamba jingine. Kinga ni wavu wa matundu madogo, milango miwili, mtego wa harufu unaonasa madume, kufukia majani yaliyoshambuliwa, na kubadilisha zao: baada ya nyanya panda vitunguu, si hoho wala viazi mviringo.

Dawa ije mwisho, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na siku za kungoja kabla ya kuchuma ziheshimiwe. Kabla ya kufungua pochi dukani, mwulize kwanza bwana shamba. Muuzaji anaishi kwa chupa anazouza. Wewe unaishi kwa shamba.