Muuguzi kama Mwombezi: Lugha, Shufaa na Utetezi wa Mgonjwa katika Ukanda wa Petta, Tororo na Busia

Katika Kiswahili cha mwambao, mtu akisema "nauguza" si lazima awe ameajiriwa hospitalini. Ana maana kwamba nyumbani kwake yumo mgonjwa, na kwamba yeye ndiye anayekesha naye. Kwa umbo, kitenzi hiki ni kauli ya kutendesha ya "kuugua". Kwa maana, si kumfanya mtu augue bali kuwa pamoja naye anapougua. Muuguzi wa kwanza katika lugha hii, basi, alikuwa jamaa. Taaluma ilipokuja ikalichukua neno, na jamaa akageuka kuwa "msindikizaji" wa kuketishwa kwenye benchi la nje. Mjadala wa leo kuhusu uuguzi unaomtazama mgonjwa kwa ukamilifu wake, pamoja na familia yake, kwa kiasi fulani unarudisha kile ambacho neno lenyewe lilikuwa nacho tangu awali.

Nchini Uganda taaluma hiyo ilijengwa na misheni. Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, na Katharine Timpson, muuguzi aliyefika mwaka huohuo na baadaye kuolewa naye, akawa mhimili wa mafunzo ya wakunga. Mwaka 1903 watawa Wafransisko, akiwemo Mama Kevin, walianza kazi yao Nsambya. Mchango wao ni mkubwa na haupingiki. Hata hivyo, muuguzi wa zama hizo alifunzwa utii kwanza. Hilo halikuwa la Uganda peke yake: kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi za mwaka 1953 bado zilimtaka muuguzi atekeleze maagizo ya daktari kwa uaminifu. Ni katika kanuni za mwaka 1973 ndipo wajibu wake wa kwanza ulipoelekezwa kwa watu wanaohitaji huduma. Tofauti ya miaka 20 kati ya matini hizo mbili ndiyo historia fupi ya utetezi katika uuguzi: anayemtumikia daktari hana nafasi ya kumtetea mgonjwa mbele ya daktari huyohuyo.

Afrika Mashariki ina kisa chake chenye uzito zaidi. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, akifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya kiroho kwa wakati mmoja. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akitumia mofini ya maji ambayo mgonjwa huweza kuinywa akiwa nyumbani kwake. Kikwazo kilikuwa sheria. Dawa ilikuwapo, lakini aliyeruhusiwa kuiandika alikuwa daktari, na vijijini madaktari walikuwa wachache mno. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na maafisa wa tiba waliopata mafunzo maalumu ya huduma hiyo kuandika mofini, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa wauguzi. Utetezi hapa haukuishia kwenye huruma ya kitandani. Ulibadilisha kanuni ya nchi.

Ni jambo la kuangaliwa kwamba Kiswahili kimeiita huduma hiyo "tiba shufaa" au "huduma shufaa". Katika matumizi ya kidini shufaa ni uombezi: kusimama mbele ya mwenye uwezo kwa niaba ya asiyeweza kujisemea. Iwe waundaji wa istilahi walilikusudia hilo au la, wameliweka jukumu la utetezi ndani ya jina la huduma yenyewe. Ni istilahi chache za afya zilizobahatika hivyo.

Petta, katika wilaya ya Tororo, inaonyesha ugumu wa kulitekeleza jukumu hilo. Wenyeji wake wengi ni Wajopadhola. Karibu nao wako Wateso na Wasamia, ambao wote wana ndugu upande wa Kenya tangu Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Utawala wa mawakala wa Kiganda, uliofuata nyayo za Semei Kakungulu, uliingiza Luganda. Reli, kiwanda cha saruji na biashara ya mpakani vikakipa nafasi Kiswahili. Mgonjwa huvuka mpaka kutafuta tiba kama anavyovuka kwenda sokoni. Mamlaka ya muuguzi wa Uganda ya kuandika mofini, kinyume chake, hukoma mpakani.

Lugha nayo ina mipaka yake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Maneno "pale inapowezekana" yanabeba mzigo mzito. Mara nyingi anayewezesha ni mjukuu wa shule, anayelazimika kumtafsiria bibi yake habari za uvimbe wa kizazi. Dhopadhola ni ya jamii ya Kiluo, hivyo muuguzi msemaji wa Dholuo aliye Busia huelewa sehemu ya maneno ya mgonjwa. Hapo pana hatari kubwa kuliko pale asipoelewa kabisa, kwa kuwa hataona haja ya kumwita mkalimani.

Wanazuoni wa Kiswahili huvutiwa kukitaja Kiswahili kuwa ndilo jibu, hasa baada ya uamuzi wa baraza la mawaziri la Uganda wa Julai 2022. Kwa muuguzi kutoka Kenya na mwenzake wa Uganda wanaokabidhiana mgonjwa, hoja hiyo ina nguvu: cheti cha rufaa na maelezo ya dawa vinaweza kuandikwa kwa Kiswahili kimoja. Kwa bibi wa Petta haina nguvu hiyo. Kwa Waganda wengi wa umri wake Kiswahili ni sauti ya askari wa miaka ya 1970, na mtu hasemi palipo na maumivu kwa lugha aliyoamriwa nayo kulala chini.

Utetezi unaofaa ukanda huu hauna budi kuanzia kwenye kadi ya mgonjwa. Iandikwe lugha yake kama linavyoandikwa kundi la damu, liandikwe na jina la jamaa anayemuuguza. Vyuo vya uuguzi vya Tororo na Busia vinaweza kufundisha ukalimani kama sehemu ya kazi, pamoja na istilahi za maumivu katika Dhopadhola, Ateso na Lusamia zilizokusanywa kutoka kwa wasemaji wenyewe. Kazi hiyo ya kukusanya ni ya wanaisimu, na haihitaji kusubiri sheria mpya.